Mwambie Ashushe Gia

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani nilikaa mwisho wa benchi, mguu mmoja njiani, na mchungaji akirefusha mahubiri kidogo tu naanza kusugua sakafu kwa kiatu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekwisha chelewa. Kwa hiyo wakati wa Mwingereza, kahawa ilipokuwa na bei nzuri na mimi ni mkaguzi wa kahawa wa ushirika, kila aliyenifahamu angeweza kubashiri nitafanya nini siku niliposikia kwamba afisa mmoja wa kilimo anarudi kwao Ulaya na anauza pikipiki yake. Nilifika kwake hajamaliza chai ya asubuhi.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, nyeusi, silinda moja, na mikoba miwili ya ngozi ubavuni na keria ya chuma nyuma ya siti. Gia zilikuwa nne, za kukanyaga kwa mguu wa kulia. Haikuwa na saa ya kukuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Saa yenyewe ilikuwa sikio lako. Kabla ya kunikabidhi, yule Mzungu alinipakia nyuma, akanipeleka Bakoba, mtaa wa pale Bukoba nilikokaa, na kunirudisha, njia nzima akipaza sauti kwa Kiswahili chake cha amri: "Sikia! Sasa! Sikia! Sasa!" Kila aliposema sasa, alibadilisha gia. Mimi nilisikia upepo tu, nikaitikia ndiyo bwana ili tumalize.

Njia yangu ya kazi ilikuwa Bukoba kwenda Muleba, na wanaoifahamu nchi ile hawahitaji kuambiwa. Unapanda mgongo wa kilima katikati ya vibanja, migomba huku na huku. Unatoka kwenye rweya, nyasi tupu na upepo wa ziwa. Unateremka bondeni penye utelezi, kisha unapanda tena. Kwa nchi ya namna hiyo mtu huchagua gia kama anavyochagua maneno mbele ya wakubwa. Mimi sikuchagua. Nilitoka ya kwanza hadi ya nne kabla sijamaliza nyumba za kijiji, na nikifika huko sikutaka kushuka tena. Kushusha gia niliona ni kushindwa. Basi kilima kinakuja, mimi niko kwenye ya nne, mafuta nimevuta mpaka mwisho, mwendo unakufa, injini inagonga chini yangu ka-ka-ka, nami nainamia usukani naisukuma kwa kifua. Hayo yalikuwa ya siku za haraka. Siku za hasira nilikosea upande wa pili: nang'ang'ania gia ya pili mpaka injini inapiga mayowe na kuku wanaruka ua. Siku nyingi nilikuwa na haraka na hasira pamoja.

Kuteremka ndiko kulikonistarehesha. Petroli ilikuwa ya shida, kwa hiyo kila mteremko nilitoa gia, nikazima injini, nikaacha chombo kishuke chenyewe. Unasikia matairi tu kwenye changarawe na koti lako linapiga upepo. Nilijiona mjanja sana.

Mke wangu nilimwoa kijijini Kishanda. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba ilibaki kwa mama yake, na mambo ya wakubwa yakishughulikiwa na baba yake mdogo, aliyekaa kibanja cha pili. Sasa, kwetu siku zile mwanamume na mama mkwe wake walikuwa hawaonani uso kwa uso. Ukifika, yeye anaingia ndani nyuma ya kiambaza cha matete. Akiwa na neno kwako, anamwambia mtu mwingine, naye anakuambia wewe, hata kama umeshalisikia kwa masikio yako mwenyewe. Kumgusa lilikuwa jambo lisilosemeka. Mchungaji alikwisha kutufundisha kwamba mambo hayo Mkristo hana haja nayo. Tuliitikia amina, tukarudi nyumbani, akina mama wakajificha kama kawaida.

Alasiri moja nikaenda Kishanda peke yangu kupeleka sukari na chumvi. Juu ya kile kilima kilichotazama kibanja chao nikazima injini kama nilivyozoea, nikateremka kimya, nikapinda kona ya migomba, na huyo hapo mama mkwe uani, ameinama juu ya mikeka anageuza kahawa. Tulitazamana. Alijipiga ungo usoni, akarudi kinyumenyume katikati ya kahawa yake, akakosa mlango wa nyumba, akaingia kwenye banda la mbuzi. Mbuzi wakatoka. Mimi nikabaki juu ya pikipiki yangu iliyozimwa, sina hata injini ya kujifichia, na yule mama ndani ya banda hawezi kutoka mpaka niondoke, na mimi siwezi kuondoka mpaka niwashe, na chombo kimekataa kuwaka. Nilikanyaga kiki mpaka jasho likanitoka. Mwishowe niliisukuma mpaka barabarani.

Jumapili iliyofuata baba mdogo akanikalisha, akanipa buni za kutafuna kama mgeni wa heshima, kisha akanifikishia ujumbe. "Shemeji yangu anasema hivi, waitu, mwenzetu. Chombo chako kina sauti, Mungu amekipa. Kwa nini unakizima? Anayekuja kimya ni mwizi."

Tangu siku hiyo nilipofika kilele cha kile kilima nilishusha gia hadi ya pili, nikaachia mafuta, na injini ikawa inaizuia pikipiki mteremko mzima huku ikiunguruma kwa sauti nzito ambayo bonde lote liliisikia. Mama mkwe alipata nafasi ya kuinua kichwa, kufunika kahawa na kuingia ndani bila kukimbia. Ilikuwa hodi yangu. Nilinung'unika juu ya petroli, lakini niliipiga.

Nisilolifikiria ni kwamba mtu anayelazimika kukusikiliza kila unapokuja ataishia kukujua. Mke wangu akienda kwao alikuwa akirudi Bakoba na habari zangu mwenyewe.

"Mama anasema juzi ulipanda kilima cha shule kwa gia kubwa, chombo kikagonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu."

"Mama yako hajakalia hata baiskeli."

"Anasema na ulipoondoka ulikuwa umekasirika. Ulichelewa kubadilisha."

Kweli nilikuwa nimekasirika. Baba mdogo alikuwa amenirefushia maamkizi. Lakini kuambiwa hivyo na mtu aliye nyuma ya matete kulinichoma kuliko nilivyotaka mke wangu aone. Naye aliona, akacheka, akaniongezea la mwisho alilokuwa amelihifadhi: "Anasema unaendesha kama mtu anayekimbia kitu. Huendeshi kama mtu anayekwenda mahali." Wiki nzima nilizunguka na neno hilo kama jiwe kiatuni. Kila nilipotia gia ya nne lilinijia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Tulikuwa katika masika. Mimi na mke wangu tulikwenda Kishanda Jumamosi, tukalala huko. Asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani, mke wangu alinitokea uani na uso umebadilika. Mama yake alikuwa anaumwa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao na hakutaka liguswe. Alikuwa ameumwa usiku kucha, na usiku kucha alikuwa ameuma pindo la kanga yake ili asigune, kwa sababu mkwe wake amelala upande wa pili wa kiambaza. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kukivunja kile kiambaza kwa mikono.

Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya mgongo wa pili. Desturi ilikuwa kumbeba mgonjwa kwa engozi, machela yetu ya kusukwa, wanaume wakipokezana mabegani. Lakini mvua ilikuwa imelainisha njia, na mwendo wa engozi katika utelezi ungewafikisha jioni. Pikipiki ilikuwa imesimama pale pale mbele yetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitazama. Nikaitaja mimi.

"Mgonjwa hawezi kumshika mkwe wake kiuno," alisema baba mdogo.

Nikajibu kwamba mgonjwa akae katikati. Mpanda pikipiki yeyote anajua hivyo: katikati ndipo penye mtikisiko mdogo, na nyuma juu ya keria ndipo kila shimo linapomwishia mtu. Nikasema binti yake akae nyuma amshike, na mimi nitavaa makoti mawili, nitajifunga blanketi mgongoni, nitafanya lolote wanalotaka. Baba mdogo akatazama chini. Ndipo sauti ikatoka ndani, ndogo lakini haikutetemeka, ikimwambia mke wangu: "Mwana wangu, mwambie baba yako mdogo mimi nitakaa nyuma."

Hakuna aliyebisha tena. Mimi niliipiga tairi teke, bure, kwa sababu lazima nipige kitu.

Wakatandika blanketi juu ya keria. Mke wangu akakaa nyuma yangu. Mama mkwe akatolewa, ameshikwa huku na huku, amejifunika kichwa, nami nikatazama tangi la petroli kama ilivyonipasa. Wakamkalisha, wakamfunga kwa kanga mbili kwenye mgongo wa binti yake, na miguu yake wakaiegemeza kwenye ile mikoba ya ngozi. Hivyo ndivyo mke wangu alivyombeba mama yake mgongoni, kama alivyobebwa yeye zamani katika ua ule ule.

Niliondoka kama nilivyo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, haraka haraka, na kila niliporudisha klachi chombo kiliruka. Nyuma nikasikia mguno ambao usiku kucha ulikuwa umefichwa. Kisha mdomo wa mke wangu sikioni mwangu.

"Mama anasema usiruke. Anasema acha chombo kimalize kusema, ndipo ubadilishe."

Nikajaribu. Mbele kulikuwa na kilima cha shule, kile kile cha kinu kitupu. Mkono wangu ulikuwa tayari unavuta mafuta.

"Mama anasema shusha sasa. Kabla hakijagonga. Sasa!"

Nikapunguza mafuta, nikabana klachi, nikakanyaga ya pili, nikairudisha klachi taratibu kama mtu anayeweka yai. Na injini ikaupokea mzigo. Haikugonga na haikupiga kelele. Ilipata sauti yake ya katikati, nzito, isiyo na wasiwasi, ikatupandisha sisi watatu mpaka juu kana kwamba kilima hakipo. Miaka yote nilikuwa nikidhani gia hubadilishwa injini ikishachoka. Kumbe unaishusha ikiwa bado na nguvu, mbele ya kilima, na unaipandisha ikishakuwa na mwendo wa kuibeba gia inayofuata, wala si kabla. Ndicho alichokuwa akinipigia kelele yule Mzungu, na ilibidi mama mkwe aje kunifafanulia.

Juu ya rweya ukungu ulikuwa umelala. Nikaingia ya tatu, nikabaki nayo. Ya nne ilikuwa pale, ingechukua mwendo vizuri katika tambarare, na mguu wangu uliniwasha kuitafuta. Ilinibidi niuzuie kama unavyomzuia mbwa. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisimama pembeni wakatuamkia, wakangoja tuitikie. Sikuitikia, na nikawachukia bure kwa ajili ya nguo zao safi na mwendo wao wa pole. Nilitaka kufika. Mwili mzima ulitaka kufika, meno, magoti, na mkono wa kulia kuliko vyote.

"Mama anasema mpola mpola, polepole. Hapo hapo ulipo."

Mteremko wa mtoni ulikuwa mrefu na mwekundu, maji yakichirizika katikati. Siku nyingine ningezima nikashuka kama mwewe. Nilishusha hadi ya pili kabla sijaambiwa, nikaachia mafuta, injini ikashika. Ilikuwa ile ile hodi yangu ya Kishanda, na nilijua nyuma yangu kuna mtu anayeitambua. Mke wangu akanisogezea neno moja ambalo sikulisikia kwa sababu ya mngurumo. Chini kulikuwa na daraja la magogo. Nikapita kwa ya kwanza, miguu ikigusagusa pande zote mbili, gogo baada ya gogo.

Ng'ambo nilisimama, mguu mmoja chini, nikauliza bila kugeuka, "Anasemaje?"

Mke wangu alikawia kidogo.

"Anasema twende. Anasema hivyo hivyo."

Tukaanza kilima cha mwisho, kirefu kuliko vyote. "Mama anasema ya pili." Nikatia ya pili. "Mama anasema sasa ya tatu." Palikuwa na kipande cha tambarare, nikatia ya tatu. "Mama anasema shusha." Ilikuwa mapema kidogo, mimi ningengoja mpaka kwenye mti ulioanguka, lakini nilishusha bila ubishi. "Mama anasema usiongeze mafuta." Sauti ya mke wangu ilikuwa imekauka, nikadhani ni baridi na uchovu. Sijawahi kuendesha vile kabla wala baada. Hakuna gia iliyoruka, hakuna mara moja ambapo injini iligonga. Naona vibaya kusema, lakini nitasema: nilikuwa na furaha. Nilijisemea kwamba akipona, mama huyu hatakuwa na neno la kunisema tena.

Hospitalini nilizima injini mbele ya baraza. Muuguzi alikuja na mhudumu wa kiume, wakaanza kufungua zile kanga. Mimi nilibaki nimeshika usukani, macho kwenye tangi. Nikasikia mikono yao ikisita. Muuguzi akasema kwa upole, akimwambia mke wangu na wala si mimi, kwamba amekwisha kufariki, tena si sasa hivi.

"Alikuwa anasema!" nilipiga kelele. "Alikuwa anasema mpaka pale kwenye kona!"

Walimtazama mke wangu. Yeye alikuwa ameketi kwenye nyasi, mgongo umenyooka vile vile kama bado umefungwa, anaikunja kanga moja ndani ya nyingine. Ndipo nikageuka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonea aibu tena, nikamtazama mama mkwe usoni. Alifanana na mke wangu kwa paji la uso. Nililia mbele ya watu wote waliokuwapo barazani, na hasira yangu yote nilikuwa nimeielekeza kwa mke wangu.

Hatukuliongea wakati wa msiba. Alizikwa kibanjani, wanawake walijaa nyumba, na mimi sikupata nafasi wala sikuitafuta. Nililibeba mpaka tuliporudi Bakoba. Asubuhi moja nilimkuta anamenya ndizi, nikamwuliza nikiwa nimesimama, kama karani.

"Alifia wapi?"

"Darajani. Kichwa kilikuwa kwenye bega langu, kikawa kizito."

"Na lile neno uliloniambia kabla ya daraja, nikiwa kwenye mteremko?"

"Hilo lilikuwa lake. La mwisho." Aliweka kisu chini. "Alisema, mwambie leo anakwenda kama mtu anayekwenda mahali."

Nikatafuta hasira yangu, nikakuta imebaki kidogo tu, nikaitumia hiyo hiyo.

"Kwa hiyo kilima chote kile ilikuwa wewe. Mama anasema, mama anasema. Umefungwa naye mgongoni. Kwa nini hukuniambia?"

Hakuwa na ukali wowote.

"Ningekuambia pale darajani," alisema, "ungetia gia gani?"

Akaokota kisu akaendelea kumenya. Mimi niliijua gia ambayo ningeitia, na utelezi wa kile kilima niliujua. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikachukua ndizi.